Pumzi ya Shubakani

Jumatatu, 11 Novemba 2024
Nesi amesema niandike kila siku mwanangu Doto anapobanwa na kifua, na hali ya hewa ilikuwaje. Basi naandika. Leo hakubanwa. Joto. Mawingu yalijaa upande wa Kigwa, yakatuangalia, yakaondoka.

Nesi alisema hayo tu yanatosha. Mimi nimeishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu ulikuwa mzuri, mwalimu alikuwa ananipa chaki nimwandikie ubaoni. Mkono ukianza hautaki kukaa.

Alhamisi, 14 Novemba
Doto hakubanwa.

Inveta imefika, mashine ya kutupa umeme wa betri ule mwingine ukikatika! Majidi, mume wangu, amechonga vitanda vya watu mwaka mzima ili tuipate. Mvua za mwaka jana umeme ulikatika Kulwa, pacha wa Doto, akiwa na barakoa ya mashine ya mvuke wa dawa usoni. Mvua ile hata pikipiki ilishindwa kufika kwetu. Mashine ilinyamaza, na yeye akanyamaza. Alikuwa anakaribia mwaka mmoja. Doto alikuwa mgongoni kwangu, analala.

Kabla ya hapo mtaa wetu mzima wa Chemchem walikuwa wananiita Mama Kulwa. Baada ya arobaini wakaanza Mama Doto, taratibu, kama watu wanaohamisha kiti bila kutaka kisikike. Mama mkwe peke yake hajabadilisha.

Fundi ni Dismasi Nizigiyimana wa Ulyankulu, mtu mrefu, anaongea kama anakugombeza. Akaniita: "Mama Doto, acha mboga, njoo. Baba anashinda karakana. Wewe ndiye utakayekaa nayo."

Nyumba yetu ni ya zamani, kuta za udongo nene kama urefu wa mkono wangu, na chumbani kuna shubaka refu kwenda ndani, watu wa kale walikuwa wanaweka taa. Inveta ameiweka humo, katikati, amebakiza nafasi pande zote.

"Betri haikai chumbani," akasema. "Ikichajiwa inatoa hewa mbaya. Nimeiweka ukumbini pale dirishani, ndani ya boksi lenye matundu, na kibatari kisisogee karibu. Taa, simu, redio, mashine ya mtoto: sawa. Pasi, birika, jiko: usithubutu. Usiiguse na mikono yenye maji. Na hii," akanishika kiganja akakiweka ubavuni mwa inveta, "hii inapumua. Huku inavuta, huku inatoa. Ukiiziba pua inakufa. Lakini kabla haijafa italia. Ikilia usikimbie, uliza inalilia nini."

Hewa ya uvuguvugu ikanigusa kiganja. Nikafumba macho. Ilikuwa kama mtoto aliyelala chali.

Mwisho alipigilia nondo ya ethi nje, chini ya ukuta, ili umeme ukipotea njia uende ardhini usitushike sisi. Alipigilia kwa nyundo mpaka ukuta ukaitika. Mama mkwe akatoka jikoni.

"Wewe kijana, unajua unamgongea nani?"

"Nagonga nondo, mama."

"Hapo walikuwa wanalala wapagazi. Misafara ya pembe, ya kwenda pwani na ya kurudi. Walioshindwa kurudi wako hapohapo. Haya, umeshawagongea."

Dismasi akacheka, akafuta jasho. "Wakiitika, mama, waambie fundi amekwenda Ulyankulu."

Ijumaa, 22 Novemba
Mvua ya kwanza. Harufu ya vumbi ikilowa. Doto hakubanwa.

Jumanne, 26 Novemba
Mvua. Doto alibanwa asubuhi, kidogo. Umeme ulikuwepo.

Nimegombana na Majidi juu ya kibuyu. Niandike, maana nesi hatasoma mpaka huku.

Kulwa alipozikwa, mama mkwe alikwenda kijijini kwao Kigwa akarudi na treni, na kibuyu kidogo mapajani. Kwa wazee wa Kinyamwezi, pacha akiondoka hakuna kumwacha mwenzake peke yake. Kibuyu kinavishwa, kinalazwa na aliyebaki, uji ukipikwa nacho kinaonjeshwa. Akanipa mkononi. "Huyu hapa Kulwa. Sisi ni watu wa mizigo, mwanangu. Babu zetu walibeba mpaka pwani. Mzigo wa mtoto hautupwi njiani."

Nilimfunga blanketi lake la sufu, lile la njano. Mwaka mzima wamelala pamoja, na Majidi amekuwa akigeuza uso. Leo amesema basi.

"Tumemzika. Tumemsomea. Yamekwisha, Tunu. Sitaki kuona mwanangu amekumbatia kibuyu."

"Mama yako ndiye aliyeleta."

"Mama yangu ni wa zamani. Wewe je?"

Amesema kitandani kwa Doto asilale tena. Sawa. Lakini mvua ndiyo hizi zimeanza, na sakafu ya saruji inatoa ubaridi mpaka mifupani.

Jumatano, 27 Novemba
Nimempatia Kulwa mahali. Kule shubakani, juu ya inveta. Kuna joto, kuna kupumua. Nimemfunika vizuri blanketi lisimwache miguu. Nimetundika kanga mbele, Majidi akiuliza nitasema vumbi.

Doto hakubanwa.

Jumapili, 8 Desemba
Jirani yetu Josepha kanichekesha. Umeme hakuna, kaja mbio na pasi na gauni la kanisani. "Shoga, misa inaanza, nichomekee kidogo tu, Mungu anaona." Sikuwahi kumzuia. Inveta ikalia ti-ti-ti ikazima. Mama mkwe akatoka na ungo mkononi akidhani mwizi. Josepha akaenda kanisani na gauni limekunjamana mgongoni, anasema atakaa benchi la nyuma.

Kumbe ndiyo sauti yake hiyo. Nyembamba. Sikuipenda.

Alhamisi, 19 Desemba
Imelia tena. Hakuna pasi, hakuna chochote, taa moja na redio. Ilikuwa alasiri, mvua inaanza. Ti-ti-ti, kisha kimya, kisha nikasikia nje ya ukuta kitu kizito kinawekwa chini. Puu. Na kingine. Puu. Kama mtu anatua gunia, anapumua, na mwenzake nyuma yake anatua lake.

Nilizunguka kuangalia. Nondo ya fundi na maji yanatiririka. Hakuna mtu.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni nilivyorudi. "Umesikia?"

"Mabati hayo, mama. Yanapoa."

"Nimekuuliza kama umesikia, sijakuuliza ni nini."

Jumatatu, 23 Desemba
Mvua. Hakubanwa.

Jumamosi, 4 Januari 2025
Mvua kubwa tangu asubuhi. Umeme ulikatika. Doto amebanwa vibaya, mbavu zinaingia ndani. Nikamfunga barakoa, inveta ikaichukua mashine, mvuke ukatoka, nikasema alhamdulillahi Majidi, alhamdulillahi vitanda vyote. Tulikuwa katikati. Ti-ti-ti. Ikazima.

Siwezi kuandika nilichohisi. Chumba kilekile, mvua ileile, barakoa ileile.

Umeme wenyewe ukarudi. Mtu tu kule mbali alibonyeza kitu, na mwanangu akavuta pumzi.

Mama mkwe alikuwa amekaa chini, mtandio kajifunika kichwa kizima. Aliponyanyua uso akasema polepole: "Ile ni sauti ya Kulwa, Mama Kulwa. Umemtoa kwa mwenzake, sasa anamwita amfuate."

Jumanne, 7 Januari
Fundi amekuja. Kabla hajafika nilimtoa Kulwa shubakani nikamficha kwenye beseni la nguo, maana Majidi naye alikuwepo. Blanketi lilikuwa na joto zuri.

Dismasi kaifungua, kaipuliza, kakaza nyaya, nyekundu na nyeusi. Kaiachia mashine ya mvuke ikafanya kazi mpaka chai ikaiva, ikanyweka, vikombe vikaoshwa. Haikulia hata kidogo.

"Haina ugonjwa hii." Akatuangalia mmoja mmoja. "Mnaifunika?"

Nikasema hapana. Wala sikuona kama nadanganya. Blanketi lile linamfunika Kulwa.

"Basi mimi sijui," akasema, na nadhani lilimuuma kulisema. "Vitu havilii bure."

Alipoondoka nikamrudisha mahali pake. Nje, chini ya ukuta, puu.

Ijumaa, 17 Januari
Hakubanwa. Imelia mchana.

Jumamosi, 18 Januari
Imelia.

Jumatano, 22 Januari
Imelia. Majidi anasema ni bidhaa mbovu. Mama mkwe anasonga ugali na machozi yanamdondoka kwenye mkono.

Jumapili, 2 Februari
Nimeanza kumwogopa mwanangu.

Naliandika mara moja tu. Nikipita shubakani natazama pembeni. Leo nilivuta kanga nikamwekea tone la uji kwenye mdomo wa kibuyu kama kawaida, na nikajikuta namsemesha kwa hasira: "Mwache mwenzio. Wewe umepita, mwache." Kibuyu kilikuwa cha moto mkononi. Nikasema moyoni, anasikia. Nikamfunika zaidi. Mtoto mwenye hasira hutulizwa kwa kufunikwa.

Jumatatu, 10 Februari
Mvua mfululizo. Doto alibanwa, umeme ulikuwepo, namshukuru Mungu.

Usiku uliopita mama mkwe alimwambia Majidi kwamba Idi ikiisha anamchukua Doto. Atakaa naye Kigwa, mbali na nyumba hii, mpaka wazee waseme neno na Kulwa atulie.

"Kigwa hakuna mashine, mama," Majidi akasema.

"Kigwa hakuna anayemwita."

"Na akibanwa?"

"Na huku akibanwa? Mashine yako inamsaidia au inamwimbia?"

Nilimtazama mume wangu na nikaona anaogopa kitu kilekile, ila yeye hana jina la kukiita. Nilikuwa nadhani ni mtu mgumu. Kumbe ni mtu aliyefunga mlango na kuuegemea.

Mimi nikisema hapana, na inveta ikazima tena, damu ya Doto iko kwangu. Nikisema ndiyo, namkabidhi mtoto kwa barabara yenye mvua na kijiji kisicho na dawa. Nimebaki naye mapajani nasikiliza kifua chake kama mtu anayesikiliza mlango.

Jumapili, 2 Machi
Mfungo umeanza. Hakubanwa.

Jumanne, 11 Machi
Doto amejifunza kusema "nje". Kila kitu ni nje. Alisimama karibu na shubaka akaonyesha kanga kwa kidole. "Nje. Nje." Nikamwondoa haraka.

Jumamosi, 15 Machi
Naandika leoleo.

Baada ya alasiri mbingu ilishuka. Si mvua ya kunyesha, ni ya kumwagwa. Majidi alikuwa karakana. Mama mkwe alikuwa jikoni anakoroga uji wa futari. Doto aliamka na ile sauti, ya filimbi kifuani. Umeme ulishakatika. Midomo yake ilianza rangi ya majivu.

Nikamkalisha, dawa, barakoa, swichi. Mashine ikaunguruma. Nilimwegemeza kifuani kwangu nikawa namwimbia sijui nini. Nje kule ukutani wakaanza kutua. Puu. Puu. Mmoja baada ya mwingine, safari hii walikuwa wengi, msafara mzima umefika nyumbani kwangu na unasubiri kupewa mtu.

Ti-ti-ti.

Kimya.

Mama mkwe alikuja mwiko ukiwa mkononi. "Kafika kumchukua! Tunu, ongea naye! Mwambie aende peke yake, wewe ndiye mama yake!"

Ni mara ya kwanza kuniita Tunu. Nikamwekea Doto mikononi mwake. "Mkalishe wima, mama, asilale." Nikaenda shubakani kumfukuza mwanangu. Ndiyo, nilikwenda kumfukuza. Maneno nilikuwa nayo tayari mdomoni.

Nikavuta kanga.

Harufu ya manyoya yaliyoungua. Joto likanipiga usoni kama kifuniko cha sufuria. Nikaweka mkono kwenye blanketi la njano, na upande ule wa chini, ulioning'inia mbele ya matundu, lilikuwa limekuwa la kahawia, gumu, linavunjika kwa vidole. Kibuyu kilikuwa na homa.

Nikasikia sauti ya fundi, wazi, kana kwamba amesimama nyuma yangu: ukiiziba pua inakufa, lakini kabla haijafa italia.

Hakuwa anamwita mwenzake. Alikuwa ananiita mimi. Siku zote zile, mchana na alasiri, kwa sauti ile nyembamba aliyopewa: mama nitoe hapa, mama namziba Doto pumzi. Na mimi kila alipolia namwongezea kumfunika.

Nikambeba. Nikamlaza chini, kwenye saruji tupu, mahali nilipoapa sitamlaza. Nikang'oa kanga. Nikazima inveta kwenye swichi yake, nikachukua upepeo wa mkaa jikoni, nikaanza kupepea matundu yale. Mama mkwe alinitazama kama nimerukwa na akili.

"Unafanya nini?"

"Ilikuwa imezibwa pua, mama. Blanketi. Ni mimi."

Alitazama blanketi. Alitazama kibuyu sakafuni. Yule mama ni mtu wa zamani lakini hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Akamweka Doto begani wima, akampigapiga mgongo, na kwa mkono mwingine akanyakua kawa ukutani akaanza kupepea na yeye. Tulisimama pale, wanawake wawili tunaipepea inveta kama mzee aliyezimia kwenye sherehe, na Doto anavuta pumzi kwa filimbi, inachelewa, inakuja, inachelewa.

"Bado?" akauliza.

"Bado ya moto."

"Kulwa," akasema mama mkwe, hakuwa anasema na mimi, "baba, tumekusikia. Tumekusikia sasa. Tulia."

Nikaijaribu kwa kiganja, kama alivyonifundisha fundi. Vuguvugu. Nikarudisha swichi. Ilisita. Taa nyekundu. Nadhani sikupumua. Kisha kijani, na feni yake ikavuta hewa kwa sauti, na mashine ya mvuke ikaamka, na ule moshi mweupe ukajaa ndani ya barakoa.

Haikulia tena mpaka dawa ikaisha.

Adhana ya magharibi ilitukuta tumekaa chini wote, Doto amelala, midomo imerudi rangi yake. Uji ulikuwa umeungua. Tulifuturu kwa maji. Nilimwinua Kulwa kutoka kwenye saruji nikamweka mapajani, hana blanketi. Alikuwa ameshapoa. Nje mvua ilikuwa imekatika na sikusikia mzigo wowote.

Jumapili, 16 Machi
Majidi aliona blanketi. Alilishika muda mrefu.

"Alikuwa humu siku zote?"

"Ulisema asilale na Doto."

"Nilisema asilale na Doto. Sikusema umlaze kwenye moto." Kisha akakaa kitandani, akalikunja lile blanketi upande ulioungua kwa ndani, kwa uangalifu, kama linaumia. Akauliza: "Jana kalala wapi?"

Nikamwambia kalala kwangu. Akaitika kwa kichwa, akaenda karakana, ingawa Jumapili huwa hafungui.

Jumatatu, 17 Machi
Dismasi amekuja. Safari hii sikumficha mtu. Kafungua, kaona feni imepindika kwa joto, kaweka nyingine, kakagua nyaya zote moja moja.

"Nilikuuliza kama mnaifunika."

"Nilikuwa namfunika mtoto."

Akatazama kibuyu, akatazama mimi. Nilingoja anigombeze. Akavua kofia. "Kwetu mama yangu aliacha sahani ya asiyerudi mezani miaka mingi," akasema. Akachukua chaki mfukoni akachora mstari shubakani kuzunguka inveta. "Ndani ya mstari huu hakikai kitu. Si nguo, si karatasi, si aliye hai wala aliyekwenda. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Mama, na wewe?" akamwita mama mkwe.

"Nimekusikia. Usinipigie kelele, nimefunga."

Alhamisi, 20 Machi
Majidi amekuja na kitu amekifunika na gunia. Kijitanda cha mninga, kirefu kama mkono wangu, kimepigwa msasa mpaka kinateleza. Akakiweka upande wa pili wa chumba, mbali na shubaka, chini ya dirisha.

"Cha kuwekea simu," akasema.

Kina mito miwili. Hakuna simu inayolalia mto. Mama mkwe alitoka nje haraka, nikamsikia anapenga kamasi uani.

Doto hakubanwa.

Jumanne, 1 Aprili
Idi pili. Pilau. Doto amevaa kanzu, kaikojolea kabla ya kutoka mlangoni. Mama mkwe anarudi Kigwa na treni, peke yake. Majidi alipompandisha begi alimwuliza, "Na mjukuu?" Akasema, "Mjukuu ana mama." Akanigeukia: "Kwaheri, Mama Kulwa na Doto." Yote mawili. Hakuna aliyewahi kuniita hivyo.

Jumapili, 6 Aprili
Mvua ndogo. Umeme ulikatika mchana kutwa. Doto alibanwa kidogo, mashine ilifanya kazi mpaka mwisho. Nilikaa nimeweka kiganja penye matundu muda wote. Hewa inaingia, hewa inatoka.

Ijumaa, 18 Aprili
Hakubanwa.

Jumatano, 23 Aprili
Mvua zimeaga. Nyasi zimesimama, asubuhi kuna ubaridi wa kiangazi. Umeme umetulia wiki nzima, na Majidi kabla ya kwenda karakana kazima inveta ipumzike. Sikujua nyumba hii ina kimya cha namna hii.

Mchana, baada ya chakula, Doto alilala. Nilikaa sakafuni nachambua mchele, na nikamsikia anapumua, safi, bila filimbi. Nikaacha kuchambua. Chini ya pumzi yake kulikuwa na nyingine. Ndogo zaidi, ya haraka zaidi, kama alivyokuwa akipumua mwenzake.

Niliinuka nikaweka kiganja shubakani, ndani ya mstari wa chaki. Baridi. Chuma baridi, kimya.

Nje, chini ya ukuta, mtu alitua mzigo wake polepole, kama aliyefika. Sikwenda kuangalia, wala kule dirishani, kwenye kijitanda alikolala Kulwa, sikugeuka. Nilirudi kwenye mchele wangu nikazisikiliza zote mbili mpaka jua likazunguka nyumba.

Jua kali, upepo kidogo. Doto hakubanwa. Kulwa naye hakubanwa.